Kumpeleka mama msitu wa Hoh mwezi wa kumi, magoti na mvua vitaruhusu?

Binti_Magamba

Habarini za humu wapendwa, wakubwa wote shikamooni. Naomba ushauri kwa wanaoijua hii Olympic National Park ya hapa kwetu jimbo la Washington, Marekani. Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Lushoto, anafika mwanzoni mwa mwezi wa kumi na atakaa wiki sita, ana miaka 68 na ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mimi nipo Kent mwaka wa nne sasa ila huko porini sijawahi kufika, ni kazi na nyumbani, nyumbani na kazi. Juzi kwenye simu nikamuuliza mama ukija unataka uone nini, nikategemea ataniambia maghorofa ya Seattle au meli, akanijibu nataka nione msitu wao. Basi tu hivyo. Mama amezaliwa ukingoni mwa msitu wa Magamba, amebeba kuni kule tangu ana miaka saba mpaka anaolewa, kwa hiyo nimelichukua kwa uzito, nataka nimpeleke kweli kweli na siyo kwenye bustani ya jirani hapa.

Sasa shida zangu. Magoti yake siyo mazima, tambarare anatembea vizuri tu ila mteremko unamtesa. Halafu mvua, kila ninayemuuliza kazini anasema Oktoba huko unaloa asubuhi mpaka jioni, subiri Julai, na Julai mama atakuwa ameshavuna mahindi yake Lushoto. Na sijui niende Hoh au Quinault, yale mabonde mawili yenye msitu wa mvua, maana wengine wanasema hivi wengine vile. Swali la mwisho msinicheke jamani, inakuwaje msitu wa mvua uwe kwenye baridi? Mimi kichwani mwangu msitu wa mvua ni Kongo na Amazon.

---

Dereva_wa_101

Dada karibu sana, mimi ni Mkenya, naendesha lori na hiyo barabara ya 101 inayoizunguka park naijua vile najua njia ya kwenda kwetu. Sikiza, kutoka Kent mpaka Hoh usidanganywe na ramani, ni masaa manne na zaidi hivi kwenda peke yake, ukisema uende na urudi siku moja na mama wa miaka 68 utamuumiza mgongo bure na ndani ya msitu mtakaa saa moja tu. Lala usiku mmoja huko. Mji ulio karibu na Hoh ni Forks, ni mji mdogo lakini vyumba viko, na kutoka hapo mpaka kituo cha wageni ni kama kilomita 50.

Jaza mafuta Forks kabla uingie, ndani huko hakuna sheli, hakuna duka la chakula, na simu inakufa kabisa, hakuna netiweki, kwa hivyo piga picha ya ramani ama uidownload mapema na uambie watu wa nyumbani mko wapi. Kiingilio mimi nililipa dola 30 kwa gari nzima na inafanya siku saba, beba kadi maana geti za park siku hizi hazitaki cash.

Kitu ingine muhimu, angalia hali ya barabara kwa tovuti ya park siku ile unatoka. Desemba 2024 mto Hoh ulikula barabara ya kuingia, ikafungwa mpaka Mei 2025, watu walikuwa wanaendesha masaa manne wanafika wanapata kizuizi. Huo mto hauna mchezo, unatoka kwa barafu ya Mlima Olympus na ukijaa unajichagulia njia. Kuhusu paking, Julai na Agosti unaweza kaa kwa foleni getini masaa mawili, gari moja ikitoka ndio moja inaingia. Oktoba hiyo shida inapungua sana, hiyo ni faida yako ya kwanza.

---

MamaPacha

Dada yangu mimi naomba nikuambie yaliyonikuta ili yasikukute. Tulienda na mume wangu na mapacha wakiwa na miaka sita, ilikuwa mwezi wa kumi hivyohivyo, asubuhi huku kwetu jua linawaka basi nikawavalisha jinzi na raba za kitambaa na masweta ya pamba, mimi mwenyewe jinzi. Tumefika Hoh mvua siyo ile ya kwetu ya kupiga bati halafu inakatika, ni mvua nyembamba inayoshuka taratibu, unaiona kama haipo, huoni hata sababu ya kukimbia. Ndani ya nusu saa jinzi imenyonya maji mpaka mapajani, nzito, baridi inapanda, na mmoja wa mapacha akaanza kutetemeka midomo imebadilika rangi, akaacha kuongea. Nilimbeba mpaka kwenye gari nikamvua kila kitu nikamfunga kitenge changu na koti la baba yake tukawasha hita. Yule mtoto alitulia baada ya dakika arobaini hivi, na mimi zile dakika arobaini sijazisahau mpaka leo.

Kwa hiyo mama asivae pamba kwenye mwili. Mtafutie ile fulana ya ndani ya sufu au ya nailoni ya mikono mirefu, juu yake sweta la sufu, juu koti la mvua la kweli lenye kofia linalofunika mpaka makalioni, na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya suruali nyingine (najua mama zetu hawapendi suruali, mwambie ni ya msituni tu, na khanga ataifunga juu akitaka). Miguuni gambuti au viatu vya kupanda milima visivyopitisha maji vyenye soli ya meno. Soksi za sufu pea mbili na pea ya akiba kwenye gari, pamoja na taulo. Usinunue vipya kwa bei, maduka ya mitumba hapa Kent na Renton yamejaa vitu hivyo watu wamevaa mara moja tu. Chupa ya chai ya tangawizi usisahau.

Ukimvalisha hivyo mvua haina neno. Sisi tumerudi mara mbili tangu siku ile na mara zote ilikuwa inanyesha, na watoto hawataki kutoka.

---

Mstaafu_wa_Misitu

Mwanangu Binti Magamba, marahaba. Nimefanya kazi ya misitu mkoa wa Tanga miaka mingi, Magamba naijua na Shume naijua, na nikija kwa wanangu hapa Tacoma huwa nawaomba wanipeleke Quinault. Swali lako ni zuri na hakuna wa kukucheka.

Msitu wa mvua unapewa jina kwa maji yanayoanguka, joto ni jambo jingine. Upepo unatoka bahari ya Pasifiki umebeba unyevu, unagonga milima ya Olympic ambayo kilele chake Mlima Olympus kina mita 2,432, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Bonde la Hoh linapata kama milimita 3,500 kwa mwaka, yaani ukichukua mvua ya Dar es Salaam ya mwaka mzima uizidishe mara tatu bado hujaifikia. Halafu nenda nyuma ya milima hiyohiyo, mji wa Sequim, pale ni kama milimita 400 tu, wanalima maua ya lavenda kwenye ukavu. Mweleze mama hivi ataelewa mara moja: ni kama sisi tulivyo juu Lushoto na ukungu wetu, halafu unateremka Mombo unakutana na mkonge na vumbi.

Kwa nini baridi inafanya tofauti? Kwetu kwenye msitu wa Amani hatua kumi unakutana na miti ya aina ishirini, na jani likianguka linaoza upesi likawa udongo. Kule aina za miti ni chache, sprusi ya Sitka, hemlok, mwerezi mwekundu, na kwenye uwazi miti ya mepo (maple) yenye majani mapana, lakini kila mmoja ni jitu, sprusi nyingine zinakaribia mita 90. Na kwa sababu ya baridi kitu kikianguka kinaoza polepole mno, gogo linaweza kulala pale karne kadhaa. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, naomba usimpitishe mama haraka. Chini kumejaa kangaga na kuvumwani, ile mimea laini ya kijani kama sufu, mbegu ya mti ikianguka haipati hata pa kuweka mguu. Ila ikiangukia juu ya gogo lililolala, gogo lina maji kama sifongo, inachipua pale, miche inajipanga juu ya gogo kama watoto mgongoni, mizizi inateremka ubavuni kutafuta ardhi. Miaka mamia inapita, gogo linaisha kabisa, na ile miti imebaki imesimama mstari mmoja, na chini ya mizizi kuna uwazi ambapo gogo lilikuwa. Wenyewe wanaliita gogo mlezi.

Na yale mapazia ya kijani utakayoyaona yananing'inia kwenye mepo, watu wanadhani yananyonya mti. Hapana, yamekaa tu. Tena mwanasayansi Nalini Nadkarni alipanda kwa kamba juu ya miti ya msitu huo akakuta mepo imetoa mizizi kutoka kwenye matawi yake yenyewe, imeingia kwenye lile tandiko la kuvumwani kunyonya chakula kilichokusanyika humo. Alilichapisha mwaka 1981, na mimi niliposoma jambo hilo nilikaa nikawaza miti yote ya Shume ambayo niliitazama kwa chini tu.

Sasa ushauri wa magoti. Hoh wana njia inaitwa Hall of Mosses, mzunguko wa kilomita 1.3, mwanzo kuna kipandio kidogo kama mita 30 za kwenda juu, mkiipanda taratibu na fimbo ataweza, lakini kurudi kuna kuteremka. Karibu na kituo kuna kijinjia kifupi cha lami tambarare hata kiti cha magurudumu kinapita. Quinault upande wa kaskazini wa ziwa kuna Maple Glade, chini ya kilomita moja na ni tambarare yote. Kutoka Kent pia Quinault ni karibu zaidi, mnapita Olympia na Aberdeen. Mimi ningekuwa na siku moja tu ningechagua Quinault bila kusita. Na upande wa kusini wa ziwa kuna sprusi moja, mzingo wa shina lake ni kama mita 18, urefu mita 58. Khanga moja ina mita moja na nusu, kwa hiyo hapo ni khanga 12 zimeunganishwa. Mama atapenda hesabu hiyo.

---

Bukavu_Portland

Salamu kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, kwetu tuko na Kahuzi-Biega, msitu wa juu wa baridi na mianzi, kwa hiyo nilipofika Hoh moyo ulinicheza, niliona kama nimerudi nyumbani lakini mtu amebadilisha miti yote usiku. Kitu kimoja tu naongeza: elki. Ni kulungu wakubwa sana, dume linaweza kufika kilo 400, na Septemba na mwanzo wa Oktoba ndiyo majira yao ya kupandana, madume yanapiga mlio kama filimbi ya kutu na hayana subira. Sheria ya park ni kukaa mbali yadi 50, kama mita 45. Ukiwakuta njiani usilazimishe picha, ngoja wapite au rudi. Lakini waone, maana park yenyewe imetokana nao, Rais Theodore Roosevelt alitenga eneo hilo mwaka 1909 kwa sababu wawindaji walikuwa karibu kuwamaliza, na wanaitwa elki wa Roosevelt, jina walilopewa kwa heshima yake hata kabla ya hapo. Park kamili ikaja 1938.

---

Binti_Magamba

Jamani asanteni mno, Mzee wangu Mstaafu shikamoo tena, nimemsomea mama maneno yako kwenye simu akaniambia huyo mtu anaijua Shume kweli. Nimeamua tutalala usiku mmoja, siku ya kwanza Hoh, kesho yake turudi kwa njia ya Quinault, hivyo 101 tunaizunguka yote. MamaPacha pole sana kwa yaliyokukuta, nimeshanunua koti na gambuti, mitumba Renton, vyote havijafika dola 40. Nitarudi kuleta mrejesho.

---

Binti_Magamba

Mrejesho wapendwa, naomba mnivumilie ni mrefu.

Tumeenda wikiendi iliyopita. Tulipita juu Port Angeles tukalala Forks, asubuhi saa mbili tupo getini Hoh mbele yetu gari tatu tu. Ilikuwa inanyesha, ile ile ya MamaPacha, nyembamba. Nyuzi kama 10. Mama kavaa sweta, koti, suruali ya mvua, na khanga juu ya kiuno kama ulivyosema, na kichwani kilemba chake chini ya kofia ya koti. Tulianza na kile kijinjia cha lami nikidhani tutaishia hapo, tumemaliza dakika kumi akaniuliza hiyo nyingine iko wapi.

Hall of Mosses tulitumia saa mbili na nusu. Kilomita 1.3! Kile kipandio tulikipanda tukipumzika, watu wanatupita wanasalimia. Juu kule kukawa kimya, na mama akaanza kufanya kitu ambacho sikukitegemea, akawa anashika. Anashika gome, anashika kuvumwani kwa nje ya kiganja kama anavyopima joto la mtoto, ananusa vidole. Mapazia ya kwenye mepo yalikuwa yamejaa maji, kila ncha ina tone, na majani ya mepo yenyewe yameshageuka manjano mengine yako chini makubwa kuliko sahani. Tulimkuta konokono asiye na gamba, wa rangi ya ndizi iliyoiva na madoa meusi, mrefu kama mkono wangu kutoka kifundoni mpaka ncha ya kidole, anakatiza njia. Mama akasimama mpaka amalize kuvuka.

Ila kilichomshika ni magogo. Kila tukienda kuna gogo limelala, jingine kubwa kuliko nyumba yetu ya Lushoto kwa urefu, hakuna aliyekata, hakuna aliyeburuta. Akaniuliza, hizi kuni zote zinaozea hapa? Nikamwambia mama hapa haruhusiwi mtu kuchukua. Akanyamaza akaendelea kutazama, najua alikuwa anawaza nini, maana kuna siku amenisimulia askari wa msitu alimnyang'anya mzigo wake wa kuni na panga akiwa na mimba yangu, akarudi nyumbani mikono mitupu usiku. Basi tukafika sehemu kuna miti mikubwa minne imejipanga mstari, umenyooka kabisa, akasema hii imepandwa, nani alipanda huku ndani? Nikamkumbusha maneno ya Mzee Mstaafu. Hakuniamini mpaka alipoinama na yale magoti yake, akashikilia mzizi mmoja, akaingiza mkono kwenye uwazi chini yake, mkono ukaingia mpaka kwenye bega, akatoa unga mwekundu wa mti laini kama kahawa ya kusaga. Akaunusa. Akasema, gogo lilikuwa hapa. Akaurudisha wote palepale, akapangusa kiganja kwenye gome.

Baada ya hapo kila gogo tunalofika anahesabu miche iliyo juu yake. Kwenye moja alifika thelathini na saba, mingine haijafika urefu wa kidole. Watoto wa kizungu wawili wakamuona wakaanza kuhesabu naye, yeye kwa Kiswahili wao kwa Kiingereza.

Elki tuliwaona jioni tukitoka, kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, majike kama kumi na dume moja nyuma, tulibaki ndani ya gari. Kuteremka Hall of Mosses magoti yalimuuma, sitasema uongo, usiku nilimkanda kwa maji ya moto na asubuhi alikuwa sawa.

Kesho yake Quinault. Maple Glade ni kama alivyosema Mzee, tambarare, alitembea bila fimbo. Halafu tukaenda kwenye ile sprusi ya kusini. Mama alikuwa ameficha doti nzima ya khanga kwenye mkoba wake wala hakuniambia. Mimi nikashika pindo moja yeye jingine, tukawa tunapima tukizunguka shina, moja, mbili, tatu, mizizi imetutoa nje kidogo upande wa nyuma, tukafika kumi na tatu na shibiri mbili. Mzee Mstaafu, mama anakuambia umempunja mti khanga moja na zaidi.